Meno ya Ndugu Omelyan

Omelyan Hrynchuk alikuwa na sauti ya bawaba kavu, na tangu ujana alijua. Huko Ujerumani, katika kambi ya wakimbizi baada ya vita, vijana wa Kiukraini walipounda upya chama chao wakiwa na mpira mmoja na njaa tele, mwalimu wa kwaya alimsikiliza mara moja tu. Akamwambia, "Wewe, ndugu, utabeba bendera."

Akaibeba. Aliibeba melini, akaibeba ng'ambo, mjini Winnipeg, akaibeba hata akaota mvi. Wenzake walipoimba, yeye alichezesha midomo tu, uso mzito kama wa askofu, na watu wakanong'ona: mwone huyo, anaimba kwa moyo!

Kila Julai aliomba likizo kiwandani kwao, kiwanda cha mikate, akaenda kutunza stoo kwenye kambi ya chama kando ya ziwa. Huko alikuwako Teklya mpishi, mjane mwenye mikono ya unga na ulimi wa upupu. Omelyan alimpenda kimyakimya. Marehemu mumewe Teklya alikuwa mwimbaji hodari wa kanisa, basi, angemwambiaje?

Kambini palikuwa na desturi: kitu kikiokotwa huletwa mezani, na mwenyewe hakipati mpaka aimbe mbele ya wote. Soksi ziliimbiwa, vijiko viliimbiwa. Mchana mmoja, watu wametoka kuogelea na wameketi mezani kula, mkuu wa kambi, Zenon, aliinua kwa koleo meno ya bandia.

"Ya nani haya?"

Omelyan alibana midomo.

"Ndugu Omelyan, mbona huli?" Teklya alimuuliza, amesimama mbele yake. "Mbavu zangu za nguruwe zimekukosea nini?"

Akatikisa kichwa.

"Huna hata neno? Haya. Aliyekinai chakula changu akapike chake!" Akanyakua sahani.

Akiimba, ataaibika. Asipoimba, Teklya anaondoka na mbavu na hasira. Omelyan akasimama, akaonyesha ufizi.

"Aimbe! Aimbe!" watoto wakalipuka.

Akaimba habari za msichana kisimani. Bata wakalihama ziwa. Mtoto mmoja akajificha chini ya meza.

"Maskini, ni kukosa meno," Zenon alimtetea. "Yavae, ndugu, waisikie sauti yako yenyewe."

Akayasuuza kwenye chai, akayavaa, akaimba tena. Hapakuwa na tofauti yoyote.

Teklya alijibwaga kwenye benchi, machozi ya kicheko yakichora vijito katika unga wa mashavuni.

"Miaka yote nakuona na bendera yako, nikasema huyu bwana mkubwa, anatudharau sisi wa jikoni. Kumbe mwehu mwenzetu!" Akamrudishia sahani. "Sogea nikae vizuri. Kula zikingali moto. Na ukiniimbia tena, nakutupa ziwani na meno yako."

Omelyan akasogea.