Niliapa Nimeijaribu Kwenye Windows

Nilidanganya. Nasema mapema kabla ujasiri haujaniishia, na unisamehe nikicheka katikati ya kuungama, maana aibu yangu hii ina vichekesho vyake!

Mimi ni dada wa kutoka kijiji cha Mundika, naandika programu za kompyuta. Laptop yangu inatumia Linux, wateja wangu wote wanatumia Windows, na programu ya huku haifanyi kazi kule hivi hivi. Lakini kuna vifaa vya kujengea: unaandika kwa Linux, unaamuru, vinakutolea programu ya Windows na wewe huna Windows hata ya kuazima! Siku nilipovigundua niliruka kitandani mpaka mama yangu akauliza kama kuna nyoka.

Basi Mama Nafula (si jina lake), ajenti wa forodha pale mpakani Malaba, akanipa kazi. Yeye hutayarisha karatasi za malori yanayoingia Uganda, na programu yake ya zamani ilikuwa inajikokota. Ilikuwa kazi yangu kubwa ya kwanza. Niliandika wiki saba. Nikaamuru, ikajengeka bila kosa hata moja! Nilicheza jikoni peke yangu.

Rafiki yangu Ekisa, fundi wa kompyuta hapo hapo Malaba, akaniambia, "Leta tuijaribu kwangu kwanza. Niko na Windows."

"Ya nini? Imejengeka!"

"Kujengeka si kutembea, dada."

Nikamwona ana wivu. Jamani, kiburi!

Mama Nafula naye akaniuliza, "Umeijaribu kwa kompyuta kama zangu?"

Nikamkazia macho. "Mara kumi, mama!"

Mara kumi! Na hata mara moja sikuwa nayo. Tena nilitaka kuingia kwa kishindo, kwa hivyo Jumapili jioni nikaifuta ile ya zamani kwenye kompyuta zake zote mbili, nikaweka yangu bila hata kuifungua.

Jumatatu asubuhi Mama Nafula alikuwa ameita majirani. Mandazi yako mezani. Katekista akaziombea kompyuta, kweli, akazinyooshea mkono! Nje kulikuwa na pikapu ya vifaranga wa siku moja, inaenda Mbale. Dereva wake, Mganda mmoja mpole, ndiye angekuwa wa kwanza kuhudumiwa.

Nikabonyeza. Kikatokea kisanduku kwenye skrini: faili fulani haipatikani.

"Inaamka," nikasema.

Nikabonyeza tena. Kisanduku kile kile. Nikahamia kompyuta ya pili. Kile kile! Katekista akauliza kama arudie maombi.

"Nyabo," dereva akaniita kwa heshima ya kwao, "vifaranga hawajui kungoja kompyuta."

Jua lilikuwa limeshapanda. Ikabidi tuingize maboksi ofisini, na boksi moja likapasuka mlangoni. Wee! Vifaranga chini ya viti, vifaranga kwa mandazi, mmoja amesimama juu ya kibodi anaita mama yake! Watu wazima tukatambaa sakafuni. Ajenti wa ofisi ya pili, bwana wa suti, alikuwa amepiga magoti na kofia mkononi kama mtu wa kuvua dagaa. Kicheko cha woga kikanishika, kikakataa kukatika.

Ekisa alipoitwa hakumaliza hata dakika moja. "Programu yako inategemea faili zingine, na umeziacha zote kwa laptop yako. Hapa itazitoa wapi? Kwani ulijaribu wapi?"

Watu wote wakanigeukia.

Nilikuwa bado kwa magoti, nimeshika vifaranga wawili. Nikasema, "Sikujaribu. Hata mara moja. Mama, nilikudanganya."

Mama Nafula hakupiga kelele. Alichukua karatasi za dereva, akamgeukia yule bwana wa suti, mtu aliyeshindana naye miaka yote, akamwomba amsaidie. Kumwona akiomba! Hapo kicheko kilikatika chenyewe. Vifaranga walivuka wakiwa hai, Mungu ni mwema, lakini dereva yule alihamia kwa bwana wa suti na hajarudi.

Ekisa akarudisha programu ya zamani. Mimi nikahamia dukani kwake siku nne. Nikafungasha zile faili pamoja na programu, ikafunguka, halafu ikakataa kuchapisha! Nikarekebisha, nikajenga, nikajaribu, ikaanguka, nikaanza tena.

Nilipoirudisha, Mama Nafula akasema, "Weka. Ile ya zamani usiiguse." Karatasi ya kwanza ilipotoka kwa printa nilipiga kigelegele mpaka madereva wakachungulia dirishani! Alicheka, hata yeye. Anaitumia mpaka leo.

Lakini siku hizi nikimwambia kitu kiko tayari, anavuta kiti, anakaa. "Nionyeshe." Zamani neno langu lilimtosha. Hilo ndilo nililopoteza, na hakuna kifaa cha kulijenga upya.

Kwa hivyo wewe unayetengenezea watu kitu wasichoweza kukikagua wenyewe, nakusihi: nenda ukae kwa kiti chao, ubonyeze kwa kidole chako. Na ukiulizwa kama umejaribu, na hujajaribu, sema hapana. Utaona haya kidogo, halafu mtu atakuletea chai na utaendelea na kazi.