Benzi la Kaburu na Gari Jipya la Gladwell

Saa moja asubuhi, Jumamosi, Kaburu anafunga utepe mweupe kwenye boneti ya Benzi la mwaka 1974, nje ya lango la kwao bibi harusi huko Karurumo, Embu. Anaufungua. Anaufunga tena.

Kando yake kuna gari jipya la familia, lililoinuka, lenye viti saba na skrini ya kuonyesha nyuma. Yote mawili ni ya Gladwell, mkodishaji wa magari ya harusi kutoka Meru. Jipya huliendesha mwenyewe. Benzi huendeshwa na Kaburu, miaka kumi na tisa sasa, lakini maharusi wanaolitaka wameshuka kutoka wanne kwa mwezi hadi mmoja.

"Leo bibi harusi achague," asema Gladwell. "Litakaloachwa, nauza."

Kaburu, 51, anajua Benzi likienda na kazi imekwenda. Hata hivyo anamchokoza.

"Madam, hilo lako likisimama kidogo linajizima. Linachoka kabla yangu."

"Na lako, Baba Kinya," Gladwell anamjibu, akimwita kwa jina la mwanawe, "likingoja langoni linachemka kama sufuria ya githeri."

Ni kweli. Huku msafara hauingii kumchukua bibi harusi hadi wanawake waimbe langoni na kuridhika, na kuridhika kwao huchukua hata saa nzima. Kaburu hutembea na mtungi wa maji ya kupoza injini.

Leo wanaridhika baada ya dakika hamsini. Bibi harusi, mwalimu Ruguru, anatoka, anatazama matope ya njiani, anatazama gauni. Anapanda gari jipya.

Kaburu anaanza kufungua utepe.

"Kijana, unafungua nini?" anauliza Nelius, 78, nyanya yake Ruguru. Gari jipya limemshinda kupanda kwa sababu ya magoti. "Nilibeba kahawa mgongoni barabara hii, magari kama haya yakinitupia vumbi. Leo nakaa ndani. Na uende polepole, wanione."

Wazee wenzake wawili wanajibana nyuma.

Baada ya ibada, Gladwell anaahirisha kuuza: anampa Kaburu hadi Desemba alipatie Benzi wateja. Mpango wa Kaburu ni kuwatafuta wazee waliooana kimila, ambao sasa wanataka kubariki ndoa kanisani. Wa kwanza ni yeye: ameishi na Ednah miaka ishirini na sita bila harusi ya kanisa.

"Nilimuuliza atapanda lipi," asema akikunja utepe. "Akasema la Gladwell. Hili eti amelinusa vya kutosha kwenye nguo zangu. Bado nambembeleza."