Mshumaa Uliozimika

Bibi mmoja wa Kiitaliano, mkazi wa Malindi kwa miaka mingi, alinipa kazi ya kunakili picha iliyokuwa katika kitabu chake cha michoro ya kale ya Ulaya. Katika picha hiyo, mezani palikuwa na fuvu la kichwa, kitabu, na mshumaa uliozimika punde, moshi wake ukipanda. Aliniambia wachoraji wa kwao waliutumia mshumaa kumaanisha uhai: ukiwaka, mtu yupo; ukizimika, ameondoka.

Niliichorea nyumbani, kijijini Ganda. Asubuhi niliyokuwa namalizia moshi, dada yangu alikuwa hospitali Kilifi, ameingizwa chumba cha upasuaji ili ajifungue. Mumewe alikuwa huko. Mimi na mama tulikuwa tukingoja simu.

Mama aliingia, akasimama nyuma yangu.

"Mshumaa huu mbona umezimika?"

Ningeweza kusema ni upepo. Nikamweleza kama nilivyoelezwa.

Akausogelea mchoro. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Uwashe."

"Mama, picha si yangu. Ndivyo alivyoagiza mwenyewe."

"Dada yako anapasuliwa sasa hivi. Uwashe."

Mimi siyaamini mambo hayo. Lakini nilichovya brashi kwenye rangi ya manjano. Moshi ulikuwa haujakauka, rangi zikachanganyika, mwali ukatoka kama tope. Nikaufuta kwa kitambaa, nikaanza tena. Mama hakuondoka, pumzi zake nilizisikia shingoni. Mara ya tatu ukakaa, mdogo, umepinda.

Simu ikalia. Alikuwa shemeji. Mama akaniashiria niipokee mimi.

"Mke wangu yu hai," alisema. "Mtoto tumempoteza."

Nilipomweleza mama, aliketi sakafuni. Akautazama ule mwali. Sijui aliona tumechelewa, au tumeokoa mmoja. Sikuthubutu kumuuliza.

Mtoto tulimzika kesho yake. Wiki iliyofuata nilimpelekea yule bibi nakala nyingine, niliyoichorea nyumbani kwa rafiki yangu mjini, mshumaa umezimika, moshi ukiwa sawasawa. Akaisifu. Ile ya kwanza niliigeuza ikatazama ukuta. Dada aliporudi kwetu kupumzika aliigeuza, akaiangalia, akauliza mbona mwali umepinda.

"Niliharakisha," nikamwambia.