Rangi Chini ya Nati

Harufu ya rangi ya mafuta hunirudisha nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Bariadi, miaka ile soko huria lilipoingia na wanunuzi binafsi wakaanza kugombania pamba yetu. Kwetu msimu ulianza kwa brashi. Mikokoteni ilipakwa rangi upya, baiskeli pia, hata nira za ng'ombe. Kwa hiyo Baba aliponunua pikapu iliyokwisha kutumika, hakuna aliyeshangaa kumwona amevua tairi zote, anazipaka ringi rangi nyekundu, tabaka juu ya tabaka, mpaka zikang'aa kama pipi iliyolambwa.

Safari ya kwanza, tairi la mbele likaanza kuyumba. Baba akasimama, akakuta nati zimelegea kiasi cha kufunguka kwa vidole. Akazikaza kwa nguvu zote, akisimama kabisa juu ya spana. Safari iliyofuata zikalegea tena.

Ndipo likatajwa jina la Mayu Kabula, yaani Mama Kabula kwa Kisukuma chetu. Alikuwa jirani yetu, mjane mzee, macho yake mekundu kwa moshi wa kuni. Asubuhi ya safari ile ya kwanza aliomba lifti, akaambiwa gari limejaa.

"Nati hazijifungui zenyewe, kaka," alisema baba mdogo Masanja, amechuchumaa kando ya gari. "Kuna mtu anazifungua akiwa amelala kwake."

Nikauliza: kama anaweza hivyo, mbona hafungui za lori la wanunuzi, ambalo nalo humpita kila siku bila kumpakia?

"Huyu binti yako," Masanja akamwambia Baba, "akifika darasa la saba atatuuliza kwa nini tunakula."

Walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu tangu jana yake vijana fulani walikuwa wakishinda mbele ya nyumba ya Mayu Kabula bila shughuli yoyote, na hata sisi watoto tulijua vijana wa namna hiyo huwa wanasubiri nini.

Mchana huo Baba alipiga jeki, akavua tairi, akakaa akilitazama. Pale nati inapokaa, rangi ilikuwa imesagika ikawa unga. Kumbe nati zilikuwa zimekazwa juu ya rangi, si juu ya chuma. Rangi ilipoisha, zikabaki zinacheza. Gurudumu la mkokoteni halijali jambo hilo. Gari linajali. Akakwangua mpaka chuma kikaonekana. Akazianza nati kwa mkono, kisha akawa anakaza moja na kurukia ya upande wa pili, ili tairi likae sawa, akateremsha gari na kumalizia kukaza likiwa chini. Kesho yake, baada ya mwendo mfupi, alisimama njiani akazijaribu tena kwa spana. Zilikuwa zimetulia.

Akamweleza Masanja. Masanja alisikiliza vizuri, akaomba hata kuushika ule unga.

"Sawa, ni rangi," akasema. "Na nani alikutia wazo la kuipaka hapo?"

Baba akarudisha spana chini ya kiti. Mimi nimefika chuo kikuu, nimesoma hata mantiki, na bado sina jibu ambalo Masanja angelikubali.

Wiki hiyohiyo mtoto wa Mayu Kabula alikuja kutoka Mwanhuzi kumchukua mama yake akiwa bado hai. Mayu Kabula alipopita kwetu alitusalimia "Mwangaluka" kama asubuhi nyingine yoyote, godoro lake limefungwa kwenye keria ya baiskeli ya mwanawe. Mama aliitikia. Baba alijifanya anakagua injini.

Kwa akili ya kitoto nilidhani gari likienda salama, watu wataona kosa lao na kumwita arudi. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mambo yalikwenda kinyume. Baba alikaza nati zake sawasawa msimu mzima, na kila mara pikapu ilipofika Bariadi na kurudi bila tatizo, watu walitazamana na kuambiana: mnaona, tangu yule mama aondoke, gari limetulia.