Kereng'ende Niliyemuunga kwa Uji

Msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii niliipika mwenyewe nikaila mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mzee niliyetaka aniite mkwe.

Vita vya pili vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha, nami nafanya kazi Changamwe kwa Mzungu mmoja mpenda wadudu (tulimwita Bwana Vidudu), mimi na mwenzangu Salim, kazi yetu kwenda mito ya bara, nyuma ya Rabai, kunasa kereng'ende kwa wavu. Siku moja Salim akaleta mmoja mwembamba, mkia buluu, Bwana akamkagua mishipa ya mbawa na ncha ya mkia (ndivyo wanavyopangwa, kila mmoja na jamaa zake), akaruka kwa furaha: huyu hayumo vitabuni! Atapewa jina la Kilatini, na ndani yake jina la Salim.

Wallahi wivu ulinishika. Ubaya zaidi, sote wawili tulikuwa tumepeleka posa kwa Mzee Athumani wa Kisauni, tukimtaka binti yake Mwanaidi, na mzee sasa hana neno ila Salim, Salim.

Basi nikatafuta wangu. Nikamkata mkia kereng'ende mwekundu, nikamuunga mkia wa mwingine, wa kijani, kwa uji uliobaki kikombeni (uji wa sukari, mjinga mimi!). Ulipokauka, hata mimi nilimwamini. Nikamtia koponi, nikamwomba Bwana anifuate hadi barazani kwa Mzee Athumani, ili nisifiwe huko huko, Salim akiwapo.

"Shikamoo, mzee. Nami nimepata wangu."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tumuone."

Nikafunua. Sisimizi tele! Mkia wa kijani ulikuwa unajiondokea, umebebwa juu juu, unapanda ukingo wa kopo, na mwili mwekundu umebaki chini.

Bwana aliutazama mkia, akautazama mwili, akavua miwani. "Sisimizi wamenifanyia kazi yangu," akasema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Wamemrudisha kila mmoja kwa jamaa zake."

Baraza zima likaangua kicheko, na nyuma ya pazia nikamsikia Mwanaidi, anacheka hata anakohoa. Hapo ndipo nilipokwisha. Salim peke yake hakucheka, na hilo nalo likanikera.

Mwanaidi akaolewa na Salim. Pilau yao niliila (nikaongezwa, nikala tena), na wivu bado ninao, siwafichi. Ila nimeapa: mtu nikimwonea wivu tena, nitamwonea kimya kimya, mikono nimeifumbata.