Mlango Uliogeuka Kichwa cha Kitanda

Mimi ni fundi viatu, na sina subira na watu wanaosema "haiwezekani" kabla hawajakunja mikono ya shati. Ndiyo maana namheshimu jirani yangu, fundi cherehani tunayegawana naye baraza mwaka wa tisa sasa. Watu wanamwita Mama Futi, kwa kuwa futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda msibani. Mdomo anao, tena mkali, lakini mikono yake ina kasi kuliko huo mdomo.

Mama yake alitoka hospitali na kifua kibaya. Daktari akasema bibi alale nusu amekaa, mgongo umeegemea kitu imara, la sivyo pumzi itambana. Haya, aegemee nini? Kitanda chenyewe kilikuwa chaga na miguu minne basi, kichwa hakina. Mito ilikuwa inateleza, ukuta una unyevu, na bibi wa watu anakohoa mpaka sisi wa barazani tunaacha kazi.

Jumapili akaja kaka yake Mama Futi, yule karani mwenye viatu vinavyong'aa (navijua, soli nimeziweka mimi). Akatazama kitanda, akatikisa kichwa. "Dada, hapa mama atatufia. Jumapili ijayo nakuja kumchukua. Kwangu kuna kitanda cha maana."

Si mtu mbaya, anampenda mama yake. Lakini alipoondoka, bibi alimshika binti yake mkono. "Usikubali, mwanangu. Kwake nitakuwa mgeni mpaka siku ya kufa. Niache hapahapa, niisikie cherehani yako."

Kesho yake Mama Futi akaenda kuulizia kichwa cha kitanda duka la samani. Akarudi mikono mitupu.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Kwa bei ile, kitanda kingekuwa kinakuchemshia na chai."

Akazunguka nyuma ya nyumba. Akarudi anaburuta mlango wa zamani wa choo, ule mwenye nyumba alioutupa alipoweka mpya.

"We mwanamke! Mlango wa choo, kichwani kwa mama yako mzazi?"

"Mbao yake ngumu. Sabuni ninayo. Wewe una maneno, una nini kingine?"

Nilikuwa na gundi na misumari midogo ya soli. Nikatoa, ningefanyaje?

Aliusugua ule mlango siku mbili, akauanika juani pande zote. Sponji akaichomoa kwenye godoro kuukuu, upande ambao haukulaliwa sana. Kitambaa kikatoka kwenye gunia lake la mabaki: vipande vya mapazia, sare za shule, suti ya bwana mmoja ambaye mwaka wa tatu huu hajarudi kuichukua. Halafu akamkalisha mama yake, akampima kama anampimia gauni: kiuno mpaka bega, bega mpaka kisogo, akaandika kwa chaki juu ya mbao. Pale pa kiuno akaongeza sponji tabaka la pili. Nikasema moyoni, seremala hapimi hivi. Lakini seremala hakuwapo.

Akapima na nafasi ya kitanda, akaukata mlango kwa msumeno wa kuazima, akapigilia sponji na kitambaa, na Ijumaa kichwa kikawa tayari. Tukakibeba mimi na yeye mpaka chumbani, nyuma tu ya ukuta wa cherehani. Kitanda kimekaa kati ya ukuta na nguzo ya zege. Tukakisukuma kile kichwa kiingie hapo, kikagoma. Tukakigeuza, kikagoma. Akavuta futi shingoni, akapima, akashika mdomo.

"Nini tena?"

"Niliacha inchi moja na nusu kila upande."

"Za nini?"

"Za mshono."

Nilicheka mpaka nikaegemea nguzo. Jamani, mbao ina mshono? Miaka ishirini ya kukata nguo, mkono ukajiongezea wenyewe! Yeye hakucheka. Chozi lilimdondoka, akalifuta kwa ileile futi. Bibi akakohoa, na kicheko changu kikaishia hapo. Niliona aibu.

"Tumwambie kaka yako asubiri wiki moja," nikasema.

"Nguo ikikataa mwili, inapunguzwa. Lete koleo lako."

Jumamosi nzima cherehani ilinyamaza. Aling'oa misumari mmoja mmoja, taratibu isipinde, maana sikuwa na mingine. Mteja akaja na kelele za gauni lake. Akamjibu, "Dada, gauni litasubiri, kaka yangu hasubiri." Akafunua kitambaa, tukapunguza mbao kwa msumeno uleule, mimi nikishika huku, yeye huku, kucha zikamvunjika mbili. Nikamwambia apumzike. Jicho alilonitupia sina hamu nalo. Kufikia alasiri kikaingia, kimekaza kama kiatu kipya.

Jumapili kaka akaja na gari, na begi tupu la kutilia nguo za mama. Alimkuta bibi ameketi, mgongo umeegemea, shingo imetulia. Akaigonga mbao kwa kidole. Mimi nikatazama dari.

"Mmejitahidi," akasema, "lakini mama, kwangu..." Akaanza habari za dirisha kubwa, za hewa, za daktari wa jirani. Aliongea vizuri, karani yule. Mama Futi akamwacha aongee. Alitoka akakaa kwenye cherehani, akashika gauni la yule mteja, na mlio ukaanza kupita ukutani.

Kaka alipofika kwenye "unaonaje, mama?" hakujibiwa. Bibi alikuwa amelala. Mdomo wazi kidogo, kikohozi hakuna, usingizi mzito wa kwanza tangu atoke hospitali. Kaka akasimama pale muda mrefu anasikiliza anavyopumua. Nilimwona anafuta macho kwa mkono ulioshika begi.

Akatoka kwa kunyata mpaka barazani. "Dada," akanong'ona, "zima hiyo mashine, utamwamsha."

Mama Futi hakuinua hata uso. "Nikiacha ndiyo ataamka. Weka begi chini, unishikie hili pindo."