Pigo la Siku ya Mwaka

Nilipokuwa mtoto, kule kwetu Makunduchi, kichwa hakikuuma hivi hivi. Kila maumivu yalikuwa na jina lake, na Bibi yangu, mama yake mama, aliyenilea tangu kunyonya, akiyajua yote. Kulikuwa na kichwa cha jua, dawa yake kitambaa cha siki. Kulikuwa na kichwa cha homa, kinachokuja na baridi mpaka mifupani, hicho hunyweshewa mwarobaini. Kipandauso, kile kinachokamata upande mmoja na kumfanya mtu auchukie mwanga, Bibi alikifunga kitambaa cha kukaza. Na cha jicho baya, moshi wa buhuri. Watu walitoka mpaka kijiji cha Mtende kuja kumwonyesha vichwa vyao. Anaweka kiganja kwenye paji, anafumba macho, kisha anasema, "Hiki cha jua. Kofia umempa nani, mbuzi?"

Naandika kwa maneno ya mjini ili mnifahamu. Yeye akisema Kikae chetu.

Basi nami nikiamini hakuna kichwa kitakachomshinda, mpaka kilipokuja cha mjomba Makame.

Mjomba alikuwa mwanawe wa mwisho, mwanamme peke yake, hajaoa bado. Tukikaa watatu nyumba ile. Akinibeba mabegani nami mkubwa mzima, Bibi anagomba, "Mshushe, huyo si mzigo wa kuni!" naye anamjibu, "Kuni hazichekeshi, mama."

Kwetu, siku ya Mwaka, mwaka mpya wetu wa jadi, wanaume hushika magogo ya mgomba wakapigana uwanjani, kila mmoja na aliyemuudhi. Wakimaliza yamekwisha, uhasama unabaki palepale na majivu ya kibanda kinachochomwa. Na Bibi alikuwa na neno lake, alilolipokea kwa mama yake: pigo la Mwaka halitajwi nyumbani. Anayelitaja amelibeba, na likishavuka kizingiti, nyumba ile itazika kabla ya Mwaka mwengine.

Mwaka ule mjomba alipigana na Ameir, jirani yetu na rafiki yake wa kuvua pweza. Nilikuwa mbele kabisa, nimevaa kanga mpya.

"Ng'ombe wako kala muhogo wangu, nawe ukamsifu kanenepa!" mjomba akapiga kelele.

"Muhogo wenyewe mchungu! Ng'ombe kalalamika kwangu siku tatu!"

Uwanja mzima ukacheka. Ameir akamshindilia gogo la bega, mjomba akateleza kwenye maji ya migomba, akaenda chali. Kisogo kikagonga jiwe. Wengine walikuwa wakicheka, labda hawakusikia. Mimi nilisikia, kama dafu linaloanguka mbali. Alilala kidogo, macho wazi, kisha akainuka akicheka, akamkumbatia Ameir. Damu hata tone.

Nilikimbia mbele yake mpaka nyumbani. "Bibi! Mjomba kaanguka, kisogo kimepiga jiwe!"

Kofi lilinipata mdomoni kabla sijaufunga. Hakuwahi kunipiga kabla ya hapo, wala hakunipiga tena.

"Ushalitaja," akasema, na uso wake ulikuwa mweupe kama aliyepakwa majivu. "Ushaliingiza ndani. Usilirudie. Hata kwa nani, umesikia?"

"Naam, Bibi."

Siku ya tatu mjomba aliamka ameshika kichwa. Bibi akaweka kiganja. "Cha jua," akasema. Siki haikusaidia. Siku ya nne akasema cha homa, na mwili wenyewe baridi kama mtungi. Siku ya tano akaweka kiganja, akafumba macho muda mrefu, akakiondoa bila kusema kitu. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimwandikia kombe, aya za zafarani kwenye sahani, likaoshwa kwa maji ya mawaridi. Mjomba alikunywa, akatapika palepale. Akawa analala mchana kutwa. Akiamka ananiita kwa jina la mama yangu aliyekwishakufa. Mboni ya jicho la kushoto ilikuwa kubwa kuliko ya kulia, na Bibi akaninong'oneza nisiitazame, kuna kinachotuchungulia kwa ndani.

Ameir, ambaye nadhani hakulisikia lile jiwe, ndiye aliyekwenda kumwita dokta wa zahanati, akamwambia ni homa tu. Dokta alikuja peke yake na baiskeli, alasiri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu."

Akamgeuza mjomba, akamfunua macho. "Kaanguka huyu? Kapigwa na kitu kichwani?"

Bibi alinitazama mimi, si yeye. "Hakuna aliyempiga mwanangu."

"Bibi, nauliza kwa wema. Ikiwa kaanguka, natafuta gari sasa hivi tumpeleke mjini. Huko wana namna ya kumtazama." Akachutama mbele yangu. "Na wewe, binti? Mjomba wako kaanguka?"

Nilikuwa nimeshika bakuli la maji. Ulimi wangu nilishautumia mara moja, na matokeo yake yale pale kitandani. Nikatikisa kichwa kuwa sijui.

Akaacha vidonge vya homa. Alipokuwa akipanda baiskeli Bibi alitoka mpaka mlangoni, akafungua mdomo. Nilimwona kwa macho yangu. Kisha akaufunga, akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

Mjomba alikufa kesho yake, adhuhuri ikiadhiniwa. Ameir aliteremka kaburini kumpokea. Bibi alizeeka wiki ile ile, na waliokuja na vichwa vyao aliwarudisha.

Basi mimi nilikua nikijua nimemuua mjomba wangu kwa mdomo wangu. Sikumwambia mtu. Hata harusini kwangu, watu wanapiga vigelegele, mimi nawaza laiti ningenyamaza siku ile.

Nikaolewa Mji Mkongwe. Nilipojifungua mtoto wa kwanza hospitali ya mjini, mwenzangu wa kitanda cha jirani alikuwa na mwanawe mkubwa wodi nyengine, kaanguka kwenye mnazi. Nesi akamweleza mbele yangu: damu huvujia ndani ya fuvu, nje huoni kitu, kichwa kinauma, mtu anatapika, analala, mboni moja inapanuka. Wengine, wakiwahi kutobolewa fuvu, hupona. "Ndiyo maana tunauliza sana kama kaanguka," akasema. Nilimshika mtoto kifuani nikalia, wakadhani ni uzazi.

Kumbe sikumuua kwa kusema. Kama kuna siku nilimuua, ni ile ya kunyamaza.

Arubaini ilipotimia nilimpeleka mtoto Makunduchi, nimekusudia kumwambia Bibi. Nikamkuta uani, macho yameshaingia ukungu. Akampapasa mtoto, kiganja kikafika kwenye paji, kikasita.

"Mjini wamekwambia nini?" akaniuliza.

Nikamtazama. Alimficha dokta ukweli kwa sababu alikuwa akimpenda mwanawe, akijua kwa yakini kwamba neno lile ndilo litakalomuua. Na neno lile lile lingemwokoa, au pengine lisingemwokoa. Gari zenyewe siku hizo zilikuwa za kutafutwa.

"Wamesema mtoto mzima, Bibi," nikamjibu.

Aliishi miaka mitatu baada ya hapo. Nilinyamaza mara mbili katika umri wangu kwa ajili ya kisogo kile. Ya kwanza naiombea toba mpaka leo. Ya pili siijutii.